Sakafu Tulizosiliba kwa Ajili ya Japani

Mtu wa mnunuzi alipokuja kijijini kwetu Kakese kutafuta ufuta wa kupeleka Japani, mimi ndiye niliyekuwa mpima ubora wa chama chetu cha msingi cha wakulima. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa nimesomea ubora mahali popote. Naliandika hili mwanzoni ili nisipewe heshima isiyo yangu. Kidato cha nne nilitoka na matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, na hadi leo hatujayazungumza. Yote niliyoyajua kuhusu mazao ya kuuza nje niliyasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa Kiingereza nilichokitafsiri neno moja moja kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho.

Kazi nilipewa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mkulima akileta magunia ghalani, nachoma kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kilichochongoka kama mkuki, navuta punje kidogo za chini, za katikati na za juu. Nazimwaga kwenye chekecheke juu ya karatasi nyeupe, natikisa. Kinachobaki kwenye karatasi ni mchanga, vumbi na vijiti. Mchanga ukizidi, gunia linarudi nyumbani kupepetwa upya.

Nilikuwa naliosha bambo mara tatu kila baada ya mkulima mmoja. Mara moja ingetosha, ila nikiosha mara moja moyo unaniambia hukuosha. Nilikuwa nahesabu mikung'uto ya chekecheke, arobaini, na mtu akinisemesha katikati naanza upya. Wakulima wakaniita Chekecheke.

"Chekecheke, leo unapima ufuta tu au na sisi wenyewe?" aliniuliza mzee mmoja mbele ya foleni.

"Baba, gunia lako lina mchanga."

"Huo si mchanga. Hilo ni shamba linawasindikiza watoto wake."

Foleni yote ikacheka, nami nikacheka, kisha nikamrudishia gunia. Walidhani jina lile linaniudhi. Ukweli ni kwamba nililipenda. Hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa kitu nilichokiweza.

Miaka hiyo redio ilikuwa haipitishi wiki bila kutaja mauzo ya nje. Mauzo ya nje yamekua, mauzo ya nje yameongezeka, nchi inapata fedha za kigeni, mazao yetu yanahitajika duniani. Mama alikuwa anachambua maharage na redio inaongea, na mimi naacha ninachofanya nasikiliza kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa mbali. Nilikuwa najiuliza sisi tuko sehemu gani ya sentensi ile. Dhahabu ipo, kila mtu anaijua. Korosho zipo, lakini hizo za kusini. Malori ya mchele na mahindi nilikuwa nayaona yanatoka Mpanda kushuka Karema, ziwani, kwenda Kongo, kwa hiyo hayo nayo yapo. Ila ufuta wa Kakese ulikuwa unanunuliwa shambani na walanguzi, unachanganywa na wa watu wengine mjini, na ukifika bandarini hauna kijiji. Nadhani hilo ndilo lililonisumbua. Sikuwa na shida na kwamba tunauza nje. Nilitaka ijulikane kwamba ni sisi.

Ndiyo maana mtu wa mnunuzi alipokuja mwezi wa tano, kabla hatujavuna, nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mhubiri. Alikuwa kijana mwenye viatu vya mvua siku isiyo na mvua. Alikuwa amepima ufuta wetu wa msimu uliopita alioupata mjini. Alisema rangi ni nzuri, mafuta yapo ya kutosha, shida ni mchanga.

"Kule wanausaga wanaula hivyo hivyo," alisema. "Mtu akitafuna mchanga mara moja, hanunui tena. Mzigo wenu wa kwanza ukipita, nitakuja kila mwaka moja kwa moja kwenye chama. Sitapita kwa mlanguzi yeyote."

"Na usipopita?" aliuliza mwenyekiti wetu, mtu mnene mwenye sauti nzito ambaye pia huongoza kwaya kanisani.

"Usipopita, mimi nina bosi. Nitakwenda wilaya nyingine." Kisha akatuambia tutumie maturubai, akapanda pikipiki akaondoka. Maturubai hakuacha.

Kaya kumi na nne ndizo zilizojiandikisha kwenye mzigo ule. Maturubai yaliyokuwepo yalikuwa yamechanika kwa kuanikia mahindi, na mapya mjini bei yake ilikuwa haishikiki. Nikakaa siku mbili sina jibu. Jibu nikalipata uani kwa shangazi.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Walihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani kabla sijazaliwa, na mumewe alipofariki alibaki na mji wake na ng'ombe kumi na mmoja anaowajua kwa tabia. Kila mwaka, kabla ya kupura, anasiliba uwanja wake. Anaokota mavi ya ng'ombe asubuhi yakiwa bado mabichi, anachanganya na majivu na udongo wa kichuguu, anapiga magoti na kupaka kwa kiganja, nusu duara kwa nusu duara, akirudi nyuma. Ukikauka anapaka tena mkono wa pili, mwembamba. Uwanja unakuwa mgumu na laini kama ngozi ya ngoma, na punje ya ulezi ikianguka pale unaiona kutoka mlangoni. Kwa watu wetu, mji ambao uwanja wake haujasilibwa ni mji wa mvivu, hata kama ndani mna vigae.

Siku hiyo alikuwa anakung'uta miganda yake ya kwanza ya ufuta. Nilichota bakuli moja nikaliweka kwenye chekecheke nikahesabu arobaini. Karatasi ilibaki nyeupe. Niliitazama mpaka macho yakaniuma.

"Kuna nini?" shangazi aliuliza.

"Hakuna kitu, shangazi. Hakuna kitu kabisa."

"Sasa mbona unataka kulia?"

Kesho yake nilianza kuzunguka kaya kwa kaya na daftari. Niliandika maelekezo kwa mkono wangu, nakala kumi na nne, na nikikosea herufi natupa karatasi naanza nyingine. Sakafu isilibwe mara mbili. Majivu yachekechwe. Mavi yawe ya asubuhi. Kwenye waraka niliousoma kwenye simu kulikuwa na mahali pameandikwa wanyama wasikaribie eneo la kukaushia mazao, na mimi sikuacha agizo hata moja, kwa hiyo nikaongeza: sakafu izungushiwe miiba. Tukazungusha miiba kila kaya. Ng'ombe wakawa wanatuchungulia kwa nje. Tuliwazuia wasikanyage sakafu tuliyoisiliba kwa mavi yao wenyewe, na katika watu wote wale, wazee kwa vijana, pamoja na mimi niliyejiona msomi, hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Kwetu yakishasilibwa si mavi tena. Ni sakafu.

Kaya kumi na tatu zilifuata. Ya kumi na nne ilikuwa ya mama mmoja ambaye wazazi wake walikimbilia nchini kutoka Burundi. Yeye alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa kwetu, akazaa kwetu, amekaa Kakese miaka mingi kuliko mimi, na bado tulikuwa tunamwita mama wa Katumba. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa ameshona viroba vya sukari, kimoja kwa kingine, mpaka akapata kitambaa kipana cha kuenea uwanja wake wote, na juu yake ndipo alipokung'utia ufuta.

Nilimkuta ameketi pembeni ya kitambaa, sindano kubwa mdomoni.

"Mama, shikamoo. Nitakuletea mavi ya ng'ombe kwa shangazi. Nitayasukuma mwenyewe kwa toroli."

Akatoa sindano. "Marahaba, mwana wanje," alisema, mwanangu kwa Kirundi cha wazazi wake. "Asante. Kwetu mavi tunayapeleka kwenye migomba. Chakula tunakitandikia kitambaa."

"Kitambaa chako kina matundu. Mchanga utapanda."

"Ukipanda nitapepeta."

"Maelekezo yanasema kila kaya isilibe."

"Maelekezo ya nani?"

"Ya chama," nilisema.

Ulikuwa uongo. Yalikuwa ya kwangu, chama hakikuwahi hata kuyasoma. Lakini niliona aibu kusema ni yangu mbele ya mtu mzima aliyekuwa ananiangalia kwa utulivu ule. Nikafungua daftari, nikaandika huku akiniona: kaya ya kumi na nne haikusiliba. Nilipigia mstari.

Magunia yake niliyarudisha mara mbili. Mchanga ulikuwepo kweli, si mwingi, na safari ya pili ulikuwa mdogo kiasi kwamba kwa mtu mwingine ningeupitisha. Hilo nalijua sasa na nililijua siku ile. Safari ya tatu alileta ufuta umepepetwa mpaka unang'aa. Nikaupokea bila kumsifu.

Mzigo ulipokamilika, yule kijana wa mnunuzi alirudi, akachoma magunia kwa bambo lake mwenyewe, akachanganya punje za kaya zote kwenye mfuko mmoja, akaufunga kwa lakiri na kuupeleka maabara Dar es Salaam. Aliniangalia nilivyokuwa nimepanga magunia, lebo zote zikitazama upande mmoja, akasema, "Wewe dada ungefaa bandarini." Maneno hayo niliyabeba mwezi mzima. Nilikuwa naingia ghalani bila kazi yoyote, nanusa ile harufu ya ufuta mkavu, natoka.

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye simu ya mwenyekiti. Aliniita nisome kwa sababu yalikuwa Kiingereza. Nilianza juu. Unyevu, umepita. Rangi, imepita. Mafuta, yamepita. Mchanga na takataka, vimepita, tena kwa kiwango kizuri kuliko walichoomba. Sauti yangu ilikuwa inapanda kila mstari. Mstari wa mwisho ulisema wameona salmonela, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: umekataliwa.

"Ndiyo nini hiyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mdudu. Bakteria."

"Dumuzi, yule wa mahindi?"

"Hapana. Haonekani kwa macho."

"Sasa asiyeonekana wamemuonaje?"

Akampigia yule kijana, akaweka spika. Kijana alikuwa anasikitika kweli. "Mchanga mmenishangaza, hongereni," alisema. "Lakini kuna kinyesi kimegusa huo mzigo mahali fulani. Cha kuku, cha ng'ombe, sijui. Wao wanausaga mbichi, hawaukaangi. Siwezi kuupakia."

Nilikwenda nyuma ya ghala nikafungua ule waraka kwenye simu. Nilitafuta ule ukurasa wa wanyama wasikaribie. Mstari uliofuata sikuwa nimeufikiria. Nilikuwa nimeutafsiri, kamusi yangu ina alama ya penseli mpaka leo kwenye yale maneno. Ulisema mazao yasigusane na kinyesi cha wanyama, kiwe kibichi au kikavu. Nilikuwa nimeusoma nikiwa nimewaza kuku wanaozurura. Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa mabati. Mbele yangu niliona viganja vya kaya kumi na tatu vikipaka nusu duara, nusu duara, kwa maelekezo yenye mwandiko mzuri.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema ukweli wote, maana bila hapa habari hii haina haja ya kuandikwa. Ningeweza kuinuka nikamwambia mwenyekiti dakika ile ile. Hatua ishirini tu. Sikuinuka. Nilijiambia sina uhakika. Nilijiambia mtu makini hasemi bila ushahidi. Ukamilifu una visingizio vizuri, ndiyo hatari yake. Unaogopa, na ukijitazama unaona umakini.

Habari ilizunguka kijiji kabla ya jioni, na kila ilikopita watu waliuliza swali moja: nani? Siku ya pili mwenyekiti alinijia nyumbani.

"Lete daftari lako."

Nilimpa. Alifunua, akaweka kidole kwenye maneno niliyoyapigia mstari.

"Hapa umeandika huyu hakusiliba."

"Ndiyo."

"Wengine wote walisiliba?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema, na akafunga daftari kwa upole, kama mtu aliyemaliza kusoma somo la kanisani. Nami niliitika mara mbili tu, na majibu yote mawili yalikuwa ya kweli.

Mkutano uliitwa Jumanne. Siku tatu hizo sikwenda dukani kwa sababu njia ya dukani inapita kwa yule mama. Mama yangu aliniuliza kama naumwa, nikasema kichwa. Kisimani nilisikia wanawake wawili wakisema watu wa kule hawajui uwanja, wanatandika viroba vya kuokota, kuku wanalala juu yake. Hakuwa hata na kuku. Nilijaza ndoo nikaondoka.

Tulikutana chini ya kibaraza cha ghala, asubuhi, jua likiwa bado halijakomaa. Kaya kumi na nne, wengi wamekalia magunia yale yale yaliyokataliwa. Mwenyekiti alieleza kwa sauti yake ya kwaya kwamba mnunuzi anaweza kutupa nafasi ya mwisho msimu ujao, ila chama kijisafishe kwanza. Akasema kuna kaya moja ambayo haikufuata utaratibu, na kuna pendekezo iondolewe kwenye mzigo wa nje. Ibaki kuuza kwa walanguzi.

"Iondolewe," mtu akasema nyuma.

"Tuliambiwa tusilibe, tukasiliba," akasema yule mzee wa shamba linalosindikiza watoto. Siku hiyo hakuwa anatania. "Mkono wangu umebabuka kwa majivu. Halafu mtu mmoja anatandika viroba."

"Wa Katumba ndivyo walivyo. Kila kitu kwa njia yao."

Yule mama alisimama. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. "Nimezaliwa nchi hii. Kitambulisho ninacho kama wewe," alimwambia aliyesema vile, bila kupandisha sauti. "Hilo liache. Nataka kuuliza moja tu. Ufuta wangu ulipimwa mara tatu. Wenu ulipimwa mara moja. Uchafu wangu ulipitaje?"

Watu wote waliniangalia mimi.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, yalikuwa na utangulizi. Hayakutoka hata moja. Nilichosema ni, "Ni mavi."

"Mavi gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ya kwenye sakafu. Ya ng'ombe. Tuliyosilibia. Huyo mdudu anakaa kwenye matumbo ya wanyama, anatoka na mavi, na yakikauka hafi yote. Kila mtu aliyesiliba, ufuta wake umelalia mavi. Huyu mama ndiye peke yake ambaye hakusiliba. Na maelekezo hayakutoka kwenye chama. Niliyatunga mimi."

Kisha shangazi akacheka, kicheko kifupi, akasimama. Ni mrefu kuliko baba.

"Unasema uwanja wangu mchafu?"

"Shangazi, sisemi..."

"Uwanja wa mama yangu na wa bibi yangu. Ulezi tumepuria hapo, mtama, mahindi. Wewe mwenyewe umekula uji wa uwanja huo mpaka ukaota meno. Ulikufa?"

"Uji unachemka, shangazi. Unachemka, mdudu anakufa. Wao hawachemshi."

"Basi wachemshe!"

Watu walicheka, na nafikiri kicheko kile kiliniokoa, maana katikati yake mwenyekiti alipata muda wa kufikiri. Aliuliza kama kuna njia ya kujua bila kubishana. Nikamwambia ipo. Kwa ule ugonjwa wangu wa kutunza, nilikuwa nimeweka akiba ya punje za kila kaya kwenye mfuko mdogo, umefungwa na kuandikwa. Wakakubaliana ipelekwe mifuko miwili, mmoja wa shangazi na mmoja wa mama wa Katumba, na pendekezo la kumwondoa lisubiri. Yule kijana wa mnunuzi, kwa hisani yake, aliipeleka pamoja na mizigo yake mingine.

Majibu yalichukua wiki mbili. Wa shangazi, salmonela. Wa mama wa Katumba, safi, ingawa walisema una mchanga kidogo. Mwenyekiti aliyasoma mbele ya watu na jina la yule mama likabaki kwenye orodha. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu walimsogezea nafasi ya kukaa, ndivyo tunavyofanya kwetu tukishindwa kusema. Magunia tuliyauza kwa wakamua mafuta mjini, na baadhi ya wale waliokuwa wameahidi watoto sare mpya walinunua za mitumba. Shangazi hakunisemesha mpaka mvua za kwanza, na hata aliponisemesha alianza kwa kuniuliza habari za mama.

Daftari nililirudisha kwa mwenyekiti nikamwambia atafute mpimaji mwingine. Alisema hana. Akaniambia nikajifunze upya, kana kwamba nilikuwa nimejifunza mara ya kwanza.

Ilinichukua siku nyingine kadhaa kwenda kwa yule mama. Nilimkuta anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Nilimsalimia, akaitika, akanisogezea kigoda na kisu cha pili. Nikaanza kumenya. Nilimenya vibaya, naacha ganda, narudia.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema.

"Ego," alisema, ndiyo ya Kirundi. "Nimesikia ulivyosema mkutanoni. Ulisema vizuri."

"Nilichelewa."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema siku ya mkutano. Angeamini. "Alhamisi," nilisema. "Majibu yalipokuja. Saa ile ile."

Alihesabu kimya, midomo yake ikitikisika. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumapili alikuwa ameimba kanisani, mstari wa mbele, na watu walikuwa wameacha nafasi pande zake mbili.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nani?"

Nilifikiria kujibu kwamba niliogopa kukosea, jibu ambalo huwa najibu kwa kila kitu. "Shangazi," nilisema. "Na mwenyekiti. Na wale wengine, waliosiliba."

Akatupa muhogo kwenye maji, akachukua mwingine. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Watu kumi na watatu wote uliwaogopa," alisema. "Mimi peke yangu hukuniogopa."

Nilitaka kuondoka, lakini karai lilikuwa bado limejaa, na hakuniambia niende. Alininyooshea muhogo mkubwa. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikaendelea kumenya.